Kubadilisha uga wa namba za simu kutoka namba kamili kuwa maandishi katika Drupal 10, wakati uga tayari una data

mtunza_orodha (Arusha)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasimamia tovuti ya orodha ya maduka ya pembejeo za kilimo katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, pamoja na maduka machache yaliyo upande wa pili wa mpaka pale Namanga. Tovuti inaendeshwa na Drupal 10, mfumo wa kusimamia maudhui, juu ya kanzidata ya MariaDB. Sikuijenga mimi, niliirithi mwaka jana kutoka kwa kijana aliyekuwa akijitolea, na pamoja na mema yake mengi nilirithi pia uga (kisanduku cha data) uitwao `field_simu`, ambao aliufanya wa aina ya namba kamili. Nadhani alijiambia kwamba kitu kinachoitwa namba ya simu lazima kiwe namba.

Matokeo yake mnayajua. Karani akiandika 0754 na tarakimu sita zinazofuata, kinachohifadhiwa ni 754 na hizo sita, kwa kuwa sifuri ya mwanzo haina thamani katika hesabu. Aliyenitangulia aliliona tatizo, akaliziba kwa kuandika "0" kwenye kisanduku cha kiambishi cha awali katika mipangilio ya uga, ili ukurasa uonyeshe sifuri ambayo kwenye jedwali haimo. Kiraka hicho kilidumu mpaka mwezi uliopita, nilipotengeneza orodha mpya kwa Views, zana ya Drupal ya kutengeneza orodha, bila kuona kwamba palikuwa na chaguo la kutenganisha maelfu kwa mkato. Mkulima mmoja wa Karatu alitupigia ofisini akauliza kama ile iliyoandikwa chini ya jina la duka ni namba ya simu au ni bei ya trekta.

Shida ya pili ni msimbo wa nchi. Fomu inakataa alama ya kujumlisha, na hata karani akiiacha alama hiyo na kuandika 255 au 254 tu mbele, ingizo linakataliwa kwa kuwa ni kubwa mno. Kwa maduka ya Namanga upande wa Kenya hili ni tatizo la kweli, si la urembo.

Nimejaribu mambo mawili kwenye nakala ya majaribio. Kwanza nilitafuta mahali pa kubadilisha aina ya uga katika kurasa za usimamizi, sikupaona. Pili nilihamisha usanidi (faili za mipangilio ya tovuti) nje, nikafungua faili `field.storage.node.field_simu.yml`, nikabadilisha aina kutoka `integer` kuwa `telephone`, kisha nikauingiza upya. Mfumo ulikataa ukisema kwamba aina ya uga uliokwisha kuwapo haiwezi kubadilishwa.

Kuna programu ya simu inayosoma data hii kwa JSON:API, njia ya programu nyingine kuomba data ya tovuti, kupitia jina hilohilo la `field_simu`. Watumiaji wake wengi wana simu za zamani na hawasasishi programu upesi, kwa hiyo ningependa jina la uga libaki lilivyo. Je, ipo njia ya kubadilisha aina palepale, bila kupoteza maingizo yaliyopo ambayo ni 3,126, wala matoleo ya nyuma ya kila ingizo?

Fundi wa Bandarini (Mombasa)

Ndugu, hilo ni jambo la dakika mbili. Hifadhidata yenyewe haina pingamizi lolote la kugeuza safu ya tarakimu iwe ya herufi. Tarakimu zote zitabaki kama zilivyo. Chukua nakala ya akiba kwanza, kisha:

`ALTER TABLE node__field_simu MODIFY field_simu_value VARCHAR(256);`
`UPDATE node__field_simu SET field_simu_value = CONCAT('0', field_simu_value);`

Fanya vivyo hivyo kwa `node_revision__field_simu`, safisha kashe (nakala za muda za tovuti), kazi imekwisha. Mimi huko nyuma niliwahi kurefusha uga wa kichwa kidogo kutoka herufi 255 hadi 500 kwa njia hii, na tovuti ile ingali hai.

bint_unguja (Zanzibar)

Kaka Fundi, nakuheshimu, lakini kurefusha safu na kubadilisha aina ya uga ni mambo mawili yasiyofanana, na ningemwomba mwenye swali asiitekeleze amri hiyo kwenye tovuti iliyo hewani.

Amri ya `ALTER` itafaulu, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu safu ndani ya jedwali ni moja tu kati ya mahali kadhaa ambamo Drupal imeandika kwamba uga huu ni namba kamili. Pa kwanza ni usanidi wenyewe, yaani `field.storage.node.field_simu` pamoja na `field.field` ya kila aina ya maudhui inayoutumia. Pa pili ni jedwali la `key_value`, ambamo mfumo huweka kumbukumbu ya muundo uliosakinishwa mara ya mwisho: katika mkusanyiko wa `entity.storage_schema.sql` mna maelezo ya safu, katika `entity.definitions.installed` mna ufafanuzi wa uga mzima, na katika `entity.definitions.bundle_field_map` mna ramani inayotaja aina ya kila uga na mahali unapotumika. Ukibadilisha safu na kuacha hayo mengine, tovuti itafunguka vizuri na utadhani umemaliza. Karani wa kwanza atakayefungua fomu atakutana na kisanduku kilekile cha namba, ataandika 0754 na kuendelea, na sifuri itapotea kama zamani, safari hii namba ikiwa imekaa kwenye safu ya herufi pamoja na namba nyingine zilizo na sifuri. Utakuwa na data ya aina mbili ndani ya safu moja, hali ambayo ni mbaya kuliko uliyo nayo sasa.

Usijaribu pia kuyahariri maandishi ya `key_value` kwa mkono kupitia phpMyAdmin, zana ya kuhariri kanzidata. Thamani zilizomo zimefungashwa kwa utaratibu wa PHP wa kuandika urefu wa kila neno kabla ya neno lenyewe. Neno `integer` limetanguliwa na 7. Ukiandika `telephone` mahali pake na kuiacha ile 7, kifungashio kizima hakifunguki, na pamoja nacho unapoteza ufafanuzi wa nyuga zote za maudhui, si huu mmoja tu.

Jambo moja zaidi: katika MySQL na MariaDB, `ALTER TABLE` hukamilisha muamala, yaani kundi la amri zinazoweza kutenguliwa pamoja, papo hapo, kwa hiyo huwezi kuifunga ndani ya muamala ukitegemea kuirudisha mambo yakiharibika. PostgreSQL inaruhusu, lakini si kanzidata uliyo nayo.

mtunza_orodha (Arusha)

Ahsante sana dada. Je, kwa nini basi Drupal isiniruhusu kubadilisha na ikaandika yenyewe mahali hapo pote? Mwenzangu anayetumia WordPress ananicheka, anasema kwake hubadilisha aina ya kisanduku kwa kubofya mara moja.

Mkongwe wa Majedwali (Dar es Salaam)

Mwambie mwenzako acheke taratibu. Katika WordPress nyuga za ziada huhifadhiwa ndani ya jedwali moja, `wp_postmeta`, katika safu moja ya maandishi marefu. Kule "aina" ni sura ya kisanduku tu. Chini yake kila kitu ni maandishi, na kubadilisha sura hakugusi kilichohifadhiwa, wala hakukisahihishi. Drupal hujenga majedwali mawili kwa kila uga, moja la hali ya sasa na jingine la matoleo ya nyuma, na safu zake hufuata aina ya uga. Uga wa namba kamili una safu moja ya tarakimu. Uga wa maandishi yenye muundo una safu mbili, ya maandishi na ya jina la muundo. Uga wa tarehe huhifadhi maandishi ya tarehe kwa saa za UTC. Mfumo hauwezi kujua kwa niaba yako jinsi ya kuvusha thamani kutoka umbo moja kwenda jingine, ndiyo maana hukataa kubadilisha aina ya uga uliokwisha kuwapo. Katika suala lako, hivi kweli utajuaje kwamba kila thamani inastahili kurudishiwa sifuri?

Hilo ndilo ninalotaka ulijibu kabla hatujazungumzia njia. Tekeleza swali hili kwenye nakala, utuletee majibu:

`SELECT CHAR_LENGTH(field_simu_value) AS urefu, COUNT(*) FROM node__field_simu GROUP BY urefu;`

Namba ya Tanzania ina tarakimu kumi ikihesabiwa na sifuri, iwe ya mkononi au ya mezani, kwa hiyo kwenye jedwali lako tunatarajia tisa. Chochote kisicho tisa kinahitaji kuangaliwa kwa macho.

mtunza_orodha (Arusha)

Shikamoo Mwalimu, na ahsante. Majibu ni haya: zenye tarakimu tisa ni 3,041; zenye nane ni 37; zenye saba ni 29; zenye sita ni 7; na zenye kumi ni 12.

Zenye saba nimezitambua mara moja. Ni namba za mezani ambazo karani aliziandika bila msimbo wa 027, kwa kuwa mtu wa Arusha au Moshi akimpa mwenziwe namba ya ofisi mara nyingi huanzia baada ya msimbo. Zenye nane na sita ni makosa ya kuandika, nitazipigia maduka yenyewe. Zenye kumi zimenishangaza: zote 12 ni namba moja, 2147483647. Nimeitafuta kwenye daftari la zamani la ofisi siioni. Inawezekana maduka 12 yana mmiliki mmoja?

Mkongwe wa Majedwali (Dar es Salaam)

Marahaba. Mmiliki huyo ni kikomo cha safu yako.

Uga wa namba kamili wa kawaida katika Drupal hukaa kwenye safu ya baiti nne, na thamani kubwa kabisa inayoweza kuingia humo, pakiwa na nafasi ya alama ya kutoa, ni 2,147,483,647, yaani 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa moja. Namba ya Tanzania bila sifuri huingia bila taabu, kwa kuwa ni chini ya bilioni moja. Namba yenye tarakimu 12 inayoanza na 254 ni zaidi ya bilioni 254, haiingii kwa vyovyote. Drupal huifungua kanzidata katika hali kali, yaani inayokataa thamani isiyoingia kwenye safu, kwa hiyo kupitia fomu ungepata kosa, kama ulivyopata. Lakini mtu akiingiza data moja kwa moja kwenye majedwali, kupitia phpMyAdmin au skripti yake, na seva haiko katika hali kali, thamani kubwa haikataliwi: hupunguzwa mpaka kwenye kikomo, linatolewa onyo ambalo hakuna anayelisoma, kazi inaendelea. MySQL kabla ya toleo la 5.7 na MariaDB kabla ya 10.2 zilikuja hivyo bila mtu kuomba. Nimeiona 2147483647 kwenye orodha za wanachama, kwenye daftari za wagonjwa, hata kwenye kadi za mwaliko. Kwa Wamarekani inapotosha zaidi, maana 214 ni msimbo wa eneo la Dallas na namba nzima inaonekana halali kabisa.

Kwa hiyo: mtangulizi wako aliingiza orodha ya mwanzo moja kwa moja, na maduka hayo 12 yalikuwa na namba zilizoandikwa kwa msimbo wa nchi. Angalia yako wapi. Nahisi utayakuta Namanga. Na namba zake za kweli hazimo tena ndani ya kanzidata, si kwenye jedwali la sasa wala la matoleo ya nyuma, kwa kuwa ziliharibika siku zilipoingia. Tafuta lahajedwali la asili.

mtunza_orodha (Arusha)

Mwalimu, umepatia. Yote 12 yako Namanga upande wa Kenya. Uga wetu wa nchi unaonyesha maduka 26 ya Kenya kwa jumla. Hayo mengine 14 yana namba za tarakimu tisa, nadhani yaliingizwa baadaye na karani ambaye, baada ya fomu kumkatalia, aliukata msimbo.

bint_unguja (Zanzibar)

Hayo 14 ndiyo ya kuogopa kuliko yale 12. Namba ya Kenya ikishakatwa msimbo na sifuri inabaki na tarakimu tisa vilevile, haitofautiani kwa urefu na yetu. Ukipitisha amri moja ya kuweka sifuri au +255 kwa safu nzima, kila moja ya hizo 14 itageuka kuwa namba ya Tanzania iliyo sahihi kwa umbo, na mkulima atampigia mtu mwingine kabisa. Skripti haitatoa kosa, kwa sababu kwa upande wake hakuna kosa.

Kwa hiyo ubadilishaji ufuate uga wa nchi, si urefu peke yake. Na kwa kuwa unavuka mpaka, hifadhi namba zote kwa umbo la kimataifa lenye alama ya kujumlisha, +255 na +254, badala ya sifuri. Mtu wa Longido mwenye laini ya Tanzania akibofya namba ya duka la ng'ambo ya mpaka, simu yake itajua inakokwenda.

Nahodha wa Usiku (Kisumu)

Naomba kuongeza onyo juu ya njia moja ambayo hamjaitaja, kwa sababu ni rahisi sana kuifikia, na mimi ilinigharimu wikendi nzima.

Nilikuwa na uga wa maandishi niliotaka uwe orodha ya chaguo. Kwenye kompyuta yangu niliufuta uga, nikaunda mwingine kwa jina lilelile na aina mpya, nikahamisha usanidi nje na kuuingiza kwenye seva ya mteja. Hakukuwa na kosa lolote lililojitokeza. Tofauti na mwenye swali, sikuzuiwa, kwa kuwa mimi sikubadilisha mstari wa aina ndani ya faili ya zamani: uga mpya ulikuja na kitambulisho chake kipya, ule mfuatano mrefu wa UUID ulio juu ya faili ya YAML. Wakati wa kuingiza, Drupal hulinganisha vitambulisho hivyo. Vikiwa sawa, huona ni badiliko, na hapo ndipo hukagua aina na kukataa. Vikitofautiana, huona hivi ni vitu viwili vilivyogongana jina, hukifuta cha zamani na kukiunda kipya. Uga wangu ukafutwa na thamani zake zote, na mahali pake pakakaa uga mpya ulio mtupu, wenye jina lilelile. Mteja ndiye aliyegundua, saa tatu usiku.

Nilichookolewa nacho ni kwamba Drupal haitupi data ya uga uliofutwa papo hapo. Majedwali hubadilishwa majina yakaanza na `field_deleted_data` na `field_deleted_revision`, kisha husafishwa kidogo kidogo kila kroni, kazi ya tovuti inayojiendesha kwa ratiba, inapopita. Nilizima kroni, nikaikuta mistari mingi ingali humo, mingine ikiwa imekwisha kwenda.

Fundi wa Bandarini (Mombasa)

Nimesoma yote, na ninaiondoa kauli yangu ya dakika mbili. Lakini swali la ndugu wa Arusha bado halijajibiwa: anataka jina libaki. Je, asifanye kama Nahodha, ila kwa mpango? Anaweka thamani kwenye jedwali la pembeni, anafuta uga ndani ya kitendakazi cha sasisho (msimbo unaoendeshwa mara moja tovuti inaposasishwa), anausafisha kabisa kwa `field_purge_batch`, anauunda upya kwa jina lilelile na aina ya `telephone`, kisha anarudisha thamani zilizosahihishwa katika majedwali yote mawili.

Mkongwe wa Majedwali (Dar es Salaam)

Inawezekana, na kuna miradi niliyoifanya hivyo. Ukiifuata, kumbuka kwamba kufuta uga hugusa kila kinachoutegemea: fomu, mionekano, na orodha za Views zinazoutumia. Ukurasa wa kuthibitisha ufutaji huorodhesha vitakavyobadilishwa na vitakavyofutwa. Ukifanya kwa msimbo hakuna ukurasa wa kukuonya, kwa hiyo hamisha usanidi nje kabla ili uweze kuvirejesha.

Lakini ningemrudisha mwenye swali nyuma hatua moja. Anataka jina libaki ili programu ya simu isivunjike. Kaka, hebu tufuate kinachotoka kwenye JSON:API. Leo uga wako unatoka kama namba, bila alama za kunukuu: 754 na kuendelea. Ukishakuwa wa simu utatoka kama maandishi, ndani ya alama za kunukuu, ukianza na +255. Programu yako inafanya nini na thamani hiyo ikiipokea? Kwa kuwa inaonyesha namba zinazopigika, na sifuri haimo kwenye data, basi kuna mahali ndani yake panapoongeza "0" mbele. Siku utakapobadilisha aina na kulibakiza jina, simu zote za zamani zitaonyesha 0+255. Au programu itakataa kusoma kabisa, ikiwa aliyeiandika alitangaza kwamba pale panakuja namba kamili. Jina litakuwa lilelile na programu itavunjika vilevile.

Kwa hiyo njia ambayo watu huiona ya kivivu, ya kuunda uga wa pili wenye jina jingine, ndiyo inayokufaa. Unda `field_namba_simu` wa aina ya `telephone`; moduli yake imo ndani ya Drupal 10, unaiwasha tu. Hamisha data kwa SQL ndani ya kitendakazi cha sasisho, jedwali kwa jedwali, ili matoleo ya nyuma yaje nayo na ili usilazimike kuhifadhi upya kila ingizo, maana kuhifadhi upya huamsha mambo mengine, kuanzia tarehe ya kubadilishwa hadi barua pepe za taarifa kama umeziweka. Kwa namba za Tanzania zenye tarakimu tisa:

`INSERT INTO node__field_namba_simu (bundle, deleted, entity_id, revision_id, langcode, delta, field_namba_simu_value) SELECT s.bundle, s.deleted, s.entity_id, s.revision_id, s.langcode, s.delta, CONCAT('+255', s.field_simu_value) FROM node__field_simu s INNER JOIN node__field_nchi n ON n.entity_id = s.entity_id AND n.langcode = s.langcode WHERE CHAR_LENGTH(s.field_simu_value) = 9 AND n.field_nchi_value = 'TZ';`

Badilisha jina na thamani ya uga wa nchi kulingana na ulivyo kwako. Ukiwa rejeleo la istilahi (uga unaoelekeza kwenye orodha ya maneno), safu itaishia na `target_id` na thamani itakuwa namba. Kwa jedwali la matoleo, unganisha kwa `revision_id`, si kwa `entity_id`, la sivyo kila toleo la ingizo litajizidisha kwa idadi ya matoleo ya nchi. Kwa Kenya, +254. Zenye saba, za mezani, +25527. Nyingine usiziguse, ziache wazi ili zionekane kwamba ni wazi. Kisha `drush cr`, amri ya kusafisha kashe, kwa sababu maingizo yaliyomo kwenye kashe hayana habari ya uga mpya.

Ule wa zamani usiufute. Uondoe kwenye fomu na kwenye kurasa, na uandike kitendakazi kidogo cha `hook_entity_presave` kinachosoma uga mpya kila ingizo linapohifadhiwa: ukianza na +255, kinakata msimbo na kuandika tarakimu tisa kwenye `field_simu`, ukianza na kingine, kinauacha wa zamani mtupu. Programu za zamani zitaendelea kupata kile zinachokijua, na toleo jipya la programu litasoma uga mpya. Utaufuta wa zamani siku kumbukumbu za seva zitakapoonyesha kwamba hakuna tena anayeuomba.

mtunza_orodha (Arusha)

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku tisa.

Nilimwomba kijana wa programu aangalie, akanitumia picha ya mstari wenyewe: anaongeza "0" mbele, kisha anakagua kama urefu ni kumi, na usipokuwa kumi kitufe cha kupiga kinafichwa. Ningebakiza jina, vitufe vyote vingepotea siku moja.

Nimefuata njia ya uga wa pili. Kwenye nakala ya majaribio jedwali la matoleo lilinitoa jasho, kwa sababu nilisoma maelekezo ya Mwalimu haraka nikaunganisha kwa `entity_id`. Kanzidata ilikataa kwa kurudia funguo, na nashukuru ilikataa. Baada ya kusahihisha, hesabu zilikubaliana: kati ya zile 3,041 zenye tarakimu tisa, zimevuka 3,027 za Tanzania na 14 za Kenya, kisha 29 za mezani. Kabla ya kuhamia kwenye seva ya kweli nilipiga namba kumi za Kenya kwa mkono, na zote zilipokelewa na watu wa pembejeo, isipokuwa mmoja aliyehamia kwenye kuuza simu.

Lahajedwali la asili tulilipata kwenye barua pepe ya zamani ya mhasibu. Mle ndani namba za maduka 12 zimo, ila Excel ilikuwa inazionyesha tisa kati yake kwa umbo fupi la kisayansi, kama 2.547E+11. Nilidhani zimekwisha. Nilipobofya kisanduku, namba nzima ilikuwapo kwenye upau wa juu, ni jinsi ya kuonyeshwa tu iliyobadilika.

Zimebaki zile 44 zenye tarakimu nane na sita. Karani anazifuatilia duka kwa duka, na leo asubuhi alikuwa amefika ya kumi na moja.

Mkongwe wa Majedwali (Dar es Salaam)

Vyema. Kabla hujafunga mjadala, hakikisha hakuna Views yoyote iliyosahauliwa ambayo bado inautumia uga wa zamani pamoja na lile "0" la kiambishi cha awali.

mtunza_orodha (Arusha)

Ilikuwapo moja, Mwalimu. Ile ya bei ya trekta. Sasa inasoma uga mpya.